Dawa ya Upepo ni Upepo: Maswali ya Waendesha Pikipiki wa Safari Ndefu

Barua za safari hii zimetoka kwa watu wanaokata masafa: Kisumu hadi Nakuru, Kitale hadi Kericho, Busia kwenda na kurudi. Kilio ni kimoja. Helmeti inatikisika, upepo unapanda kifuani, masikio yanavuma hadi wakati wa kulala. Tumeanza na swali lililobeba mengine mgongoni.

SWALI: Pikipiki yangu ni ya safari, injini ya 1200, na karibu kila mwezi naipitisha Kericho kwenda Nakuru. Ikigonga kilomita 90 kwa saa, helmeti inatikisika hadi vibao vya barabarani naviona viwili viwili. Tena kuna upepo unaotoka usawa wa tangi, unapanda kifuani na kuniinua helmeti kwa kidevu. Nilinunua kioo cha mbele cha kukinga upepo, kirefu zaidi kwa sentimita 12, hali ikazidi. Nikaziba kwa raba pengo lililoko kati ya kioo na taa ya mbele, sasa ndiyo haiendesheki kabisa. Nimekosea wapi? (Msomaji, Milimani, Kisumu)

JIBU: Ng'oa hiyo raba leo. Pengo uliloliziba ndilo lililokuwa likikusaidia.

Kioo (tunakiita kioo ingawa ni plastiki) kinapoipasua hewa, kinaacha nyuma yake nafasi yenye kanieneo (msukumo wa hewa) ndogo kuliko hewa ya pembeni. Nafasi hiyo lazima ijazwe. Hewa inayovuka ukingo wa juu inapinduka na kuingia humo kwa mizunguko, na mizunguko hiyo ndiyo inayoipiga helmeti yako mfululizo. Hewa iliyo chini, kati ya foki (miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele) na kando ya tangi, nayo inavutwa juu kupitia mapajani na kifuani. Kwa maneno mengine, upepo unaokuinua kidevu unavutwa na kioo chako mwenyewe. Ulipoweka kioo kirefu uliongeza ukubwa wa ile nafasi, na ulipoziba pengo ulifunga mlango wa pekee ambao hewa ilikuwa ikiingilia kwa ustaarabu.

Wazee walisema dawa ya moto ni moto. Dawa ya upepo huu ni upepo: ruhusu hewa kidogo ipite chini ya kioo, ipande nyuma yake na kuijaza ile nafasi kabla mizunguko haijaijaza. Pengo la sentimita 2 hadi 3 kwenye ukingo wa chini, kwa upana wote wa kioo, ndilo la kuanzia.

Njia rahisi ni kukisogeza kioo mbele kwa vipande vya bomba. Tuseme kioo chako kimeshikwa na bolti nne za M5 (unene wa milimita 5) zenye urefu wa milimita 16. Mwambie fundi wa mashine akukatie vipande vinne vya bomba la alumini au nailoni, tundu la milimita 5 na nusu, urefu milimita 20. Nunua bolti za M5 za milimita 35, na urudishe raba zote zilizokuwa chini ya vichwa vya bolti za zamani. Weka vipande vya urefu sawa juu na chini ili ulalo wa kioo usibadilike. Hapo utakuwa umebadilisha jambo moja tu na utajua limeleta nini. Baadaye, ukitaka hewa irushwe juu zaidi, ongeza washa (vile vipete bapa vya bolti) mbili tatu kwenye bolti za juu peke yake, kioo kisimame kidogo. Ukiongeza chini peke yake kitalala zaidi, na hewa itapita chini zaidi.

Utahisi kijiupepo kifuani, na hiyo ndiyo bei yake. Upepo laini kifuani hauchoshi mtu. Helmeti inayochezacheza kwa saa mbili inaumiza shingo na kukuletea kizunguzungu.

Na kile kioo cha zamani, kifupi, usikigawe. Kuna uwezekano mkubwa kwamba kioo kifupi chenye pengo kitakufaa kuliko kirefu chenye pengo.

SWALI: Nimebadilisha vioo vitatu na pesa imekwisha. Kuna njia ya kujua kinachonisumbua kabla sijanunua cha nne? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Ipo, na haigharimu kitu zaidi ya mafuta. Toka alfajiri kabla upepo haujaamka, chagua kipande kilichonyooka kisicho na malori mengi, na ukipite kwenda na kurudi kwa mwendo uleule, kwa sababu upepo wa mbele na wa nyuma hutoa majibu tofauti.

Anza bila kioo kabisa. Kifua kitasukumwa, lakini helmeti inapaswa kutulia, maana hewa isiyokatwa na kitu ni hewa tulivu. Ikiwa helmeti bado inatikisika au kupiga kelele ileile, acha kukilaumu kioo. Tatizo liko kichwani: helmeti imelegea, au ni ile ya barabara za vumbi yenye kikinga-jua kinachochomoza kama mdomo wa bata. Kikinga-jua hicho hung'oka kwa skrubu mbili au tatu. King'oe, ujaribu tena.

Kisha rudisha kioo. Ukiwa kwenye mwendo unaokusumbua, nyanyuka kidogo juu ya vikanyagio, sentimita 5 hadi 10, huku mikono yote miwili iko kwenye usukani. Kukitulia unapopanda, basi kichwa chako hukaa ndani kabisa ya mizunguko, na kioo kifupi zaidi kitakufaa. Ukiinama ndipo kunatulia, kioo ni kifupi au kimelala mno. Kama juu na chini ni kulekule, ile nafasi ya nyuma ya kioo ndiyo yenye njaa ya hewa, na jibu lako ni la msomaji wa Kisumu hapo juu.

Upepo wa chini unapimwa kwa magoti. Yabane kwenye tangi. Upepo wa kifuani ukipungua mara moja, unajua unapitia kando ya tangi. Usipopungua, unatoka mbele, kati ya foki. Ukitaka kuuona kwa macho, bandika nyuzi za sufu za urefu wa sentimita 10 kwa tepu kwenye ukingo wa kioo, juu ya tangi na kwenye mabega ya koti, na umwombe mwenzako aliye kwenye gari akurekodi kwa simu. Uzi ulionyooka kuelekea nyuma unaonyesha hewa safi. Uzi unaorudi mbele au kuzungukazunguka unakuonyesha mahali penye fujo. Huwa inashangaza kuona nyuzi za juu ya tangi zikielekea mbele wakati pikipiki inakimbia kilomita 80 kwa saa.

Jambo moja kwa walio upande wa ziwa: msipime alasiri. Upepo wa Ziwa Victoria huvuma kuelekea nchi kavu mchana, kwa hiyo anayetoka Ahero kuingia Kisumu saa tisa anaupokea usoni. Ukienda kilomita 80 dhidi ya upepo wa 20, kioo chako kinahisi 100. Na kwa kuwa nguvu ya hewa hukua kwa mraba wa kasi, hiyo 100 inasukuma zaidi ya mara moja na nusu ya 80. Watu wengi wamelaani kioo kizuri kwa kosa la ziwa.

SWALI: Upepo wangu unatoka kati ya foki, nimeuthibitisha. Vikinga vya kiwandani vya kuagiza ni ghali. Fundi wa jua kali anaweza kunitengenezea? (Msomaji, Kakamega)

JIBU: Anaweza, mradi vipimo uvisimamie mwenyewe. Pikipiki kubwa za safari za Marekani zimefungwa vikinga vya namna hii kwenye foki kwa miaka mingi, kwa hiyo wazo lenyewe limeshajaribiwa.

Anza na katoni. Kata kipande kinachojaza nafasi iliyo chini ya taa na juu ya madgadi, kikivuka kila foki kwa sentimita 4 hadi 6 upande wa nje. Kifunge kwa tepu, kisha fanya mambo mawili kabla ya kuwasha injini. Zungusha usukani kulia hadi mwisho na kushoto hadi mwisho, uhakikishe katoni haigusi tangi, fremu wala nyaya. Halafu shika breki ya mbele na ukandamize foki kwa uzito wa watu wawili. Ukandamizaji huo haufikii shimo halisi la barabarani, kwa hiyo pima urefu wa chuma kinachong'aa kwenye foki, chukulia kwamba chote kitazama, na uache sentimita 2 zaidi juu ya madgadi. Kosa kubwa la mafundi liko hapa. Kikinga kinapendeza pikipiki ikiwa imesimama, kisha ukianguka kwenye shimo madgadi inakipiga na kukivunja, na vipande vinaingia kwenye gurudumu.

Angalia pia paipu ya breki: isibanwe wala kusuguliwa. Na usiifunike rejeta. Kama injini inapozwa kwa hewa au ina kipoza-oili mbele, katoni iishie juu ya vitu hivyo. Mlima wa kutoka Kericho kwenda Londiani ukiwa umebeba abiria si mahali pa kugundua kwamba umeinyima injini pumzi.

Jaribu katoni kwa kilomita 60 kwa saa, si zaidi. Ikileta tofauti, mpe fundi plastiki ya milimita 3 au raba ngumu ya mudflepu ya lori, ambayo ni rahisi kupata na haivunjiki. Ifunge kwa klempu zenye raba ndani, mbili kwa kila foki, kwenye sehemu ya juu ya foki isiyoteleza. Usitoboe foki na usichomelee chochote juu yake.

Upepo unaopita kando ya tangi hutibiwa tofauti: vibawa viwili vidogo, upana wa sentimita 8 hadi 10, mbele ya magoti kwenye krashgadi (vyuma vya kukinga injini pikipiki ikianguka) kama ipo. Mara nyingi hivi vidogo vinafanya kazi kuliko kikinga cha katikati, na hatujui kwa nini watu huvidharau.

SWALI: Kioo changu ni kirefu hadi natazama barabara kupitia ndani yake. Usiku mvua ikinyesha siioni Webuye wala Kitale. Nikikate? (Msomaji, Kitale)

JIBU: Kikate. Ukiketi kama unavyoketi safarini, ukingo wa juu unapaswa kuwa usawa wa pua au chini kidogo, macho yapite juu yake. Hewa huruka sentimita kadhaa juu ya ukingo, kwa hiyo hutapoteza kinga yote. Kioo chenye mikwaruzo mbele ya macho huutawanya mwanga wa trela linalokuja, na matone ya mvua hayafutwi na chochote pale.

Kwanza jua ni plastiki gani. Akriliki, ile ambayo mafundi wengi huiita perspeksi, hukatika kwa mlio ukiikunja. Polikaboneti hupinda na kurudi. Jaribu kwenye pembe utakayoitupa.

Funika pande zote mbili kwa tepu ya karatasi na uchore mstari juu ya tepu. Kata kwa jigsoo yenye meno madogo, mwendo wa chini, kioo kikiwa kimelazwa juu ya ubao na kushikiliwa kisitetemeke. Mashine ikienda kasi, akriliki huyeyuka na kujigandisha nyuma ya msumeno, halafu hupasuka. Toa sentimita 2 tu, rudisha, kajaribu, ndipo urudie. Anayetoa sentimita 8 kwa mkupuo mmoja huwa anarudi dukani. Malizia ukingo kwa msasa namba 220, kisha 400, kisha 800 wenye maji, hadi kidole kisihisi jino. Jino dogo likibaki, ufa huanzia pale.

Ukilazimika kutoboa tundu jipya, liwe kubwa kuliko bolti kwa milimita 1 na nusu hadi 2, na kitovu chake kisiwe karibu na ukingo kuliko milimita 15. Plastiki hutanuka kwa jua. Tundu lililobana bolti halina pa kutanukia.

SWALI: Mke wangu hukaa nyuma, na tangu tulipofunga sanduku la mizigo anasema kichwa chake kinapigwa kuliko changu. Je, ni sanduku? (Msomaji, Kericho)

JIBU: Kwa sehemu. Abiria hukaa juu zaidi na mbali zaidi na kioo, mahali ambapo hewa ya juu na ile ya pembeni zinagongana. Sanduku lililo juu ya usawa wa mabega yake linazidisha fujo nyuma yake. Mwambie asogee karibu nawe, mwachane kwa kiganja kimoja au chini. Pengo lililoko kati ya mgongo wako na kifua chake ni uwanja mwingine wa mizunguko. Kama bati la kushikilia sanduku lina matundu ya akiba, lisogeze sanduku mbele, na vitu vizito viende kwenye mikoba ya pembeni. Uzito uliorundikwa nyuma ya gurudumu la nyuma huipunguzia foki mzigo, na pikipiki huanza kuyumba kama nyoka kuanzia kilomita 90 hivi. Watu hudhani ni upepo kumbe ni mizigo. Pima pia upepo wa matairi kabla ya safari, kwa kipimo cha abiria kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, si kile cha mtu mmoja.

SWALI: Mimi ni wa bodaboda, nina mwavuli mkubwa ule wa turubai. Mjini hauna shida. Nikipeleka mteja Bondo, malori yakinipita pikipiki inavutwa. Naweza kuuimarisha? (Msomaji, Siaya)

JIBU: Ukiuimarisha utaimarisha tatizo. Ubao wa mita mraba moja uliosimama wima ukikimbizwa kwa kilomita 80 kwa saa husukumwa na hewa kwa nguvu ya karibu kilo 30. Kwa kilomita 40 ni kama kilo 8 tu, ndiyo maana mjini huoni shida. Turubai lako limelala, lakini ni pana, liko juu kabisa ya uzito wa pikipiki, na mbele likiinuka kidogo linageuka bawa.

Lori linalokuja hukusukuma nje kwanza, kisha likishapita hewa inakuvuta kuelekea katikati ya barabara. Mwavuli huongeza misukumo yote miwili. Njia ya busara ni mlingoti unaovuliwa: mwambie fundi aweke bolti mbili zenye nati za masikio mahali palipochomelewa, ili uvue turubai kwa dakika tano kabla ya kushika barabara kuu. Mteja atanyeshewa. Mpe koti la mvua.

SWALI: Asubuhi pale Timboroa nahisi mifupa inaganda, na nikifika masikio yanalia. Kioo ninacho. (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Timboroa inazidi 2,700. Tarajia baridi ya nyuzi 5 hadi 6 zaidi hata kabla ya kuhesabu mwendo. Gazeti au katoni ndani ya koti, ambayo watu wa bodaboda wameitumia siku zote, inafanya kazi kweli kwa sababu inazuia hewa kupenya kitambaa. Iweke kifuani, zipu ifungwe hadi juu, na shingo ifungwe kwa leso au skafu iliyochomekwa ndani ya koti. Shingo iliyo wazi ndiyo mlango wa upepo wa chini kuingia kwenye helmeti, na kelele nyingi huingilia hapo hapo. Vikinga vya mikono kwenye usukani vitaokoa vidole.

Kwa masikio, tumia vizibo vya sponji. Kwenye mwendo wa barabara kuu, kelele ya hewa ndani ya helmeti huvuka desibeli 90 bila shida, na kulia kwa masikio ni dalili ya kuumia, si uchovu. Kiviringishe kizibo kiwe chembamba, vuta sikio juu kwa mkono wa pili, kiingize, kishikilie hadi kitanuke. Honi na injini utavisikia bado.

SWALI: Kioo changu kimepasuka nyufa ndogo ndogo kuzunguka bolti, na hakijaanguka hata mara moja. (Msomaji, Bungoma)

JIBU: Uliza ni nini kilipakwa kwenye bolti. Gundi ya kuzuia nati zisilegee ni adui wa plastiki hizi: ikichuruzika kwenye tundu, nyufa kama za utando wa buibui hujitokeza. Petroli na sabuni za vioo zenye amonia hufanya vivyo hivyo polepole, hasa kwenye polikaboneti. Tumia nati yenye nailoni ndani badala ya gundi, kaza kwa mkono hadi raba ianze kubonyea, ongeza robo mzunguko, basi. Uoshaji ni maji mengi na sabuni laini. Wadudu waliokauka wa kandokando ya ziwa walowekwe kwa kitambaa chenye maji kwa dakika kumi kabla ya kusuguliwa, wala usiwaparue wakiwa wakavu. Ufa uliokwisha kuvuka raba hauzuiliki. Kioo hicho kibadilishe kabla ya safari nyingine ndefu, kwa maana kikikatika kwa kasi kinakuja moja kwa moja kifuani.